Sama skuli ya kompyuta kwa wachumi vijana: Dynare Paris, kambi ya Chicago, SICSS, au ubaki nyumbani na QuantEcon?

Kila mwaka ikifika Januari mpaka Machi hivi simu yangu haipoi. "Kaka, nimeona tangazo la sama skuli, niombe hii au ile?" Anayeuliza mara nyingi yuko mwaka wa kwanza au wa pili wa PhD, au ni kijana wa idara ya utafiti benki kuu, au mhadhiri msaidizi aliyefundishwa uchumi vizuri kabisa ubaoni, ila siku modeli ikigoma kutatulika kwa kalamu na karatasi anabaki kaduwaa. Na swali linakuja na majina ya miji, Paris, Chicago, Princeton, Zurich. Mi nikisikia mji umetajwa kabla ya modeli huwa namwambia ndugu yangu hebu kaa kwanza, niambie modeli yako imekwama wapi, maana hizi shule hazifundishi kitu kimoja hata kidogo, japo zote kwenye tangazo zinaandika "kompyuta" na "uchumi". Mtu anaweza kwenda kujifunza Dynare wiki nzima wakati shida yake ni kaya ya mkulima isiyoweza kukopa, akarudi na cheti na picha nzuri na shida iko palepale.

Sasa wacha niziweke pembeni kwa pembeni ninavyozielewa mimi, na ntasema wazi wapi naegemea.

Tuanze na Dynare maana ndo inayoulizwa kuliko zote. Ni programu ya bure, kazi aliyoianza Michel Juillard miaka ya 90, na makao yake ni CEPREMAP pale Paris. Sama skuli yao ni ya wiki moja. Inachofanya Dynare ni hivi: we unaandika milinganyo ya modeli yako karibu sawa na ulivyoiandika kwenye daftari, yenyewe inatafuta hali tulivu, yaani pale uchumi ungetulia kama hakuna kinachoutikisa, halafu inaichukulia milinganyo yako kama mstari ulionyooka karibu na hapo (au mkunjo wa daraja la pili au la tatu ukitaka), kisha inakuchorea jinsi pato, bei na riba vinavyoitikia mshtuko. Mistari 30 tu ya faili na una modeli inayotembea. Ndo maana benki kuu nyingi duniani wanaitumia, na kama we uko huko na bosi anataka kujua riba ikipanda kwa asilimia moja mfumuko wa bei utashuka lini, sioni sababu ya kuzunguka, omba Dynare.

Ila kuna kitu kinachoonyesha kwa nini wiki moja na waliotengeneza programu ina thamani kuliko miezi mitatu ya kubahatisha peke yako. Kwenye Dynare, herufi ya mtaji inapewa tarehe ya siku mtaji ulipoamuliwa, sio siku unapotumika. Kwa hiyo mtaji unaozalisha leo uliamuliwa jana, na unatakiwa uandikwe k(-1). Vitabu vingi vya makro (uchumi wa nchi nzima) vinaandika mtaji wa leo k tu, na wa kesho ndo unaongezewa alama. Mwanafunzi ananakili kutoka kitabuni kwa uaminifu kabisa, anabonyeza, anaambiwa masharti ya Blanchard na Kahn hayajatimia. Hapo anaanza kubadilisha namba, mara riba, mara kiwango cha uchakavu, mara anaanza kushuku nadharia yenyewe. Nimekaa na kijana mmoja siku tatu kwenye hilo tatizo, siku ya tatu jioni ndo tukaona ni (-1) iliyokosekana mahali pawili! Yale masharti ni ya mwaka 1980 na yanachosema ni kwamba idadi ya mizizi ya mfumo iliyozidi moja lazima ilingane na idadi ya vigeuzi vinavyotazama mbele. Ukikosea tarehe ya mtaji umegeuza kinachotazama nyuma kikawa kinatazama mbele, hesabu haiwezi kukaa. Paris mtu angeinama kwenye skrini yako akaliona kwa dakika mbili, maana wanaofundisha ndo haohao walioiandika programu.

Udhaifu wa Dynare unatoka palepale kwenye nguvu yake. Inafanya kazi vizuri karibu na hali tulivu na pale mambo yanapobadilika taratibu bila kona. Ukileta nchi inayoweza kuamua kutolipa deni, au kaya inayogonga ukuta wa kukopa, au riba iliyofika sifuri haiwezi kushuka, umeleta kona. Zipo njia za kuzunguka, OccBin, zana ya kushughulikia kona kama hizo, siku hizi imo humohumo ndani ya Dynare, na mtu makini anaweza kufika mbali nayo. Lakini kama kona ndo moyo wa utafiti wako na sio kitu cha pembeni, mi nasema umeingia duka ambalo sio lako.

Na hapo ndo tunaingia familia ya pili, ambayo naipenda zaidi na sifichi. Hii ni ya wale wanaotatua modeli nzima, sio jirani ya hali tulivu tu. Jina kubwa hapa ni Kenneth Judd wa Hoover pale Stanford, aliyeandika Numerical Methods in Economics mwaka 1998, na ambaye ameandaa warsha za ICE (Initiative for Computational Economics), ambazo zilikuwa na ndugu yao wa Zurich chini ya kina Karl Schmedders. Halafu ilikuwepo kambi ya Chicago iliyoongozwa na Richard Evans katika Becker Friedman Institute, ile ya 2017 ilikuwa wiki saba. Wiki saba jamani! Hesabu, uchumi na kuandika programu, vyote vitatu kila wiki. Na kuna ya Econometric Society ya modeli za maamuzi ya muda mrefu na data, ile wanayoiita DSE kwa kifupi (Dynamic Structural Econometrics), ambayo haina makao ya kudumu, mwaka huu chuo hiki mwaka ujao chuo kile, na inabeba watu wa aina ya John Rust.

Kwa asiyemjua Rust, makala yake ya 1987 inahusu bwana mmoja wa Madison, Wisconsin, Harold Zurcher, msimamizi wa matengenezo kwenye kampuni ya mabasi ya mji, na swali lenyewe ni moja tu: abadilishe injini lini? Akiwahi anapoteza hela ya injini iliyokuwa bado inadai maisha, akichelewa basi linalala njiani na abiria. Ukimweleza hivi mmiliki yeyote wa daladala pale Mbagala atakuelewa kabla hujamaliza sentensi, maana ndo hesabu anayoipiga kila akisikia injini inakohoa. Rust alichofanya ni kuchukua rekodi za maili na siku za kubadilisha injini, akarudi nyuma kutafuta gharama gani zilikuwa kichwani mwa yule bwana. Mi naamini kabisa mtu akiielewa hiyo makala moja mpaka chini, mpaka programu yake ikatoa namba zilezile, amepata zaidi ya alichopata kwenye kozi nyingi za muhula mzima. Na data za aina hiyo huku kwetu zipo tele, malori, bodaboda, visima, mashine za kusaga, na mi sijaona wengi waliozigusa.

Niwaonyeshe kidogo kazi yenyewe ilivyo, ili ukiomba ujue unaomba nini. Chukua kaya inayoweka akiba na haiwezi kukopa. Unaweka gridi ya akiba, yaani orodha ya viwango vya akiba, yenye pointi 200, hali tano za kipato kuanzia ukame mpaka neema, unapata hali 1,000. Kila hali kompyuta inajaribu machaguo 200, hizo ni hesabu 200,000 kwa mzunguko mmoja. Mizunguko mingapi? Inategemea kaya inavyoithamini kesho. Kila mzunguko kosa linazidishwa na namba ya uvumilivu (yaani kesho ina thamani gani ukilinganisha na leo), kwa hiyo ukitaka kosa lishuke mara milioni moja na uvumilivu ni 0.95 unahitaji mizunguko kama 270, ila ukiwa 0.99 unahitaji kama 1,375. Hapo tumefika hesabu milioni 275 kwa modeli moja ndogo, na kama unatafuta vigezo kwa kulinganisha na data utaitatua hiyo modeli mara mamia. Mi mara ya kwanza niliiandika kwa lupu za kawaida (amri za kurudia hatua ileile) za lugha ya Python, nikaiacha usiku inaunguruma, umeme ukakatika saa nane na betri ya laptopu ilikuwa imeshakufa siku nyingi. Asubuhi sina kitu. Nilivyokuja kujifunza Numba, ambayo inaigeuza lupu yako kuwa lugha ya mashine kabla haijaanza kukimbia, kazi ileile ikawa inaisha sijamaliza hata kukoroga chai. Halafu nikajifunza njia ya Christopher Carroll ya 2006, ya kuanzia akiba ya mwisho na kurudi nyuma badala ya kujaribu kila chaguo, nikaona hata ile Numba nilikuwa naitumia kukimbiza kitu ambacho hakikuhitaji kukimbizwa.

Hicho ndo kitu ambacho shule za familia hii zinakupa na Dynare haikupi. Unajua ndani mwa chombo kuna nini. Na unajua mapema kitakapokushinda, maana ukiongeza vigeuzi hesabu zinalipuka: pointi 10 kwa kila kigeuzi, vigeuzi sita ni milioni moja, vigeuzi kumi ni bilioni 10. Richard Bellman, mwanahisabati aliyeanzisha njia hii, mwenyewe aliiita laana, na kina Judd wametumia miaka mingi kutafuta njia za kuipunguza makali.

Sasa wiki moja au wiki saba? Hapa wengi tunatofautiana. Wapo wanaosema wiki saba ni anasa, mtu ana familia, ana vipindi. Naelewa. Ila mi naona wiki moja inamfaa mtu ambaye tayari anaandika programu kila siku na anakwenda kuchukua kitu kimoja mahsusi. Anayeanza, wiki moja inampita kama basi la mwendokasi lililojaa, anaona taa za nyuma tu. Siku ya kwanza unaanza kusakinisha, ya pili bado kuna watu kompyuta zao zinagoma, ya tatu ndo somo linaanza na mwalimu anakimbia kufidia. Nilishawahi kulipa ada yangu mwenyewe kwa mafunzo ya siku tano mahali fulani, siku mbili nzima zikaisha kwenye kusakinisha, na ile hela ilikuwa ya pango la nyumba. Wiki saba zinakupa muda wa kukosea, kulala, na kuamka umeona kosa.

Na kile kilichonivutia zaidi kwenye vifaa vya kambi ya Chicago, ambavyo wameviweka wazi GitHub, tovuti ya kuhifadhi programu, na unaweza kuvishusha hata leo, ni kwamba Git haikuwa kipindi cha pembeni. Kazi zilikuwa zinapita humo. Kwa msiojua, Git inatunza kila badiliko ulilofanya kwenye faili zako, nani, lini, na kwa nini, unaweza kurudi nyuma mpaka siku ya kwanza. Huku kwetu bado tuna folda yenye "tasnifu_mwisho", "tasnifu_mwisho_kabisa" na "tasnifu_mwisho_supavaiza2". Watu wanaliona hili kama suala la usafi tu. Jamani sio usafi. Wachumi Reinhart na Rogoff mwaka 2010 waliandika kwamba nchi zikizidisha deni la asilimia 90 ya pato ukuaji wa wastani unakuwa hasi 0.1, na namba hiyo ilitajwa na wanasiasa wakubwa wakati wa kubana matumizi Ulaya na Marekani. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi tu wa pale UMass Amherst aliyekuwa anafanya zoezi la darasani, akaomba faili yao ya Excel na kukuta fomula ya wastani imeishia mstari wa 44 badala ya 49, nchi tano zimeachwa nje. Ukijumlisha na data nyingine zilizoachwa na namna ya kupima uzito, Herndon na walimu wake wakapata asilimia 2.2 na sio hasi 0.1. Mwanafunzi! Kwenye zoezi! Mi hii habari naisimulia kila darasa, na siku hizi majarida makubwa kama ya American Economic Association hayachapishi mpaka mhariri wao wa data aone data na programu zako. Kwa hiyo shule inayokufundisha kutunza kazi yako vizuri imekupa nusu ya kuchapishwa.

Haya, SICSS (Summer Institute in Computational Social Science). Hii ni ndugu wa mbali kidogo na ndo inayochanganya watu. Ilianzishwa 2017 na Matthew Salganik wa Princeton na Chris Bail wa Duke, ni ya sayansi za jamii kwa ujumla, sio wachumi peke yao. Kule kwenye kituo kikuu ni wiki mbili, ya kwanza masomo na mazoezi, ya pili mnaingia makundi mnafanya utafiti mdogo. Wanatumia lugha ya R zaidi. Masomo ni data za kidijitali, kuchambua maandishi, dodoso za mtandaoni, majaribio, na maadili, ambayo wanayapa muda wa kutosha kweli. Mlango ni wa wanafunzi wa PhD, watafiti waliomaliza karibuni na wahadhiri wachanga ambao hawajavuka miaka saba tangu wamalize PhD. Kizuri kingine, tangu 2018 kuna vituo vingine nje ya kile kikuu, na mwaka huohuo wa kwanza Cape Town ilikuwemo, kwa hiyo sio lazima kila mara uvuke bahari.

Je, mchumi aende? Inategemea modeli yako iko wapi tena. Kama hata huna mlinganyo wa Bellman (ule unaopima faida ya leo dhidi ya ya kesho) kwenye tasnifu yako, ila una rekodi za miamala ya simu, picha za satelaiti, au hotuba za bunge za miaka 20, basi Dynare na kina Judd hawana cha kukupa na SICSS ndo kwako. Na usidhani ni uchumi wa daraja la pili. Joshua Blumenstock na wenzake mwaka 2015 walionyesha kwa data za Rwanda kwamba unaweza kukadiria nani ana hali gani ya maisha kutokana na anavyotumia simu yake tu. Mwaka uliofuata kundi jingine likafanya hivyo kwa picha za satelaiti kwenye nchi tano za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo. Kisha Togo kwenye korona wakatumia njia za aina hiyo kupeleka hela za msaada kwa simu chini ya mpango wa Novissi. Hizo ni kazi zenye watu halisi ndani, mtu kapata mlo au kakosa kwa sababu ya modeli, na ndo maana yale masomo ya maadili mi siyaoni kama kijazio.

Ila, na hapa naomba mnisikie vizuri, SICSS haitakufundisha kutatua modeli ya kiuchumi. Utatoka unajua kukusanya na kuchambua, hutatoka unajua kwa nini kaya inaweka akiba. Nimeona mtu ameenda mahali pa aina hiyo akitegemea kurudi na sura ya tatu ya tasnifu ya makro, ikamuuma sana.

Sasa nyumbani. QuantEcon. Hii ni kazi ya Thomas Sargent, aliyepata Nobel 2011 pamoja na Christopher Sims, na John Stachurski wa chuo kikuu cha taifa cha Australia. Masomo yote yako wazi mtandaoni, Python na Julia, masomo mengi yana maelezo, programu na mazoezi yenye majibu. Hakuna ada, hakuna viza, hakuna barua ya mwaliko. Ukianzia lile somo la kutafuta kazi la McCall, kijana anapewa ofa ya mshahara kila wiki na anaamua akubali au asubiri, utaona kwa mara ya kwanza mlinganyo wa Bellman umegeuka kuwa mtu unayemjua. Mdogo wako aliyemaliza chuo yuko Tabata na anakataa ofa ya laki tatu, sio mvivu, ana mshahara wa chini kichwani ambao chini ya hapo kusubiri kuna faida zaidi. Programu inakutolea hiyo namba.

Wasiwasi wa QuantEcon ni mmoja na ni mzito: hakuna mtu wa kukuinamia kwenye skrini. Ile (-1) ya Dynare niliyoisema, ukiwa peke yako inaweza kukumaliza mwezi. Kwa hiyo mi simshauri mtu aifanye peke yake. Tafuteni watu wanne, watano, mkutane kila Jumamosi, kila mtu afungue laptopu yake na aelezee mstari kwa mstari alichoandika. Tulifanya hivyo sisi miezi minne, na wawili kati yetu waliopata nafasi nje baadaye walisema wiki ya kwanza kule walikuwa wanapumua vizuri. Suala la bando ndo hili: kifurushi kizima cha Anaconda ni kikubwa, chukua Miniconda ongeza unachohitaji tu, shusha ukiwa chuoni usiku mtandao ukiwa mwepesi, masomo yenyewe unaya-kopi yote mara moja kwa Git halafu unasoma bila intaneti. Google Colab ni nzuri kama laptopu yako ni dhaifu ila inakula bando kila siku. Na kwa Dynare huna haja ya kununua MATLAB, inakimbia kwenye Octave ambayo ni bure, taratibu kidogo lakini inafika.

Kuhusu hela na safari sitasema mengi. Angalia tangazo linasema wanalipa nini hasa, maana kusamehewa ada sio kulipiwa tiketi, na tiketi sio malazi. Ukipata barua ya kukubaliwa nenda kaombe miadi ya viza wiki hiyohiyo, usisubiri kibali cha safari cha mwajiri kikamilike kwanza. Mimi barua yangu ya ruhusa iliwahi kukaa mezani kwa mtu wiki tano na nafasi ikaenda kwa mwingine. Na kumbuka "summer" yao ni kipupwe chetu, Juni na Julai vyuo vingi huku ndo UE (mitihani ya mwisho) na kusahihisha, zungumza na mkuu wa idara Februari, sio Mei.

Wale mlio chini ya AERC (muungano wa utafiti wa uchumi Afrika) mna kitu ambacho hamkihesabu. Ile programu ya pamoja ya masomo ya kuchagua pale Nairobi inawaleta pamoja wanafunzi wa nchi nyingi kwa miezi kadhaa, na mkiwa pale jioni mna muda na mna watu. Kundi la QuantEcon ndani ya hosteli moja Nairobi kwangu lina thamani karibu na wiki moja ya Paris, na haliombi viza ya Schengen.

Kwa hiyo ningekuwa wewe. Uko masta na hujawahi kuandika lupu: baki, chukua QuantEcon na kundi, omba mwaka ujao. Uko benki kuu au tasnifu yako ni sera ya fedha: Dynare, na uende na faili yako mwenyewe iliyokwama, usiende mikono mitupu. Uko PhD mwaka wa pili, una kaya au makampuni yanayoamua kwa miaka mingi, na una data: DSE ndo chaguo la kwanza, ikishindikana chukua vifaa vya kambi ya Chicago na jipangie wiki saba zako, kalenda ukutani, wiki kwa wiki. Una data kubwa ya simu au maandishi: SICSS, na angalia vituo vya Afrika kwanza. Umeshaanza kufundisha na unataka wanafunzi wako wasipite ulikopita: hapo kweli tafuta warsha za kina Judd zikitangazwa, maana utarudi na kitu cha kufundisha miaka kumi.

Na kabla ya kujaza fomu yoyote, fanya hili zoezi moja, hata likichukua wikiendi nzima. Andika modeli ya ukuaji ya Brock na Mirman, matumizi kwa logi, mtaji unaochakaa wote kila kipindi, bila mshtuko wowote, mgao wa mtaji 0.36, uvumilivu 0.95. Itatue kwa gridi, usitumie kifurushi cha mtu. Hii ni modeli ambayo jibu lake kalamu inalijua: akiba ni 0.36 mara 0.95 ya mavuno, yaani 0.342, popote utakapokuwa kwenye gridi, na mtaji unatulia kwenye 0.187. Ikikutolea 0.342 pointi ya kwanza lakini 0.31 kule mwisho wa gridi, gridi yako ni fupi au ina mapengo makubwa, rudi kairekebishe. Ikikutolea 0.9, kuna kosa kubwa zaidi, anza kukagua tarehe. Ikitoa karibu 0.342 kote, nitumie hiyo faili pamoja na tangazo, tuisome fomu pamoja.